Baskeli ya resi: pesa ziende kwenye magurudumu au kwenye gia? (Unguja na Pemba)

Mwanzisha uzi, Unguja

Assalaam alaykum wadau.

Vijana wanaonunua resi za mtumba wananiuliza suali moja hili: nimepata pesa kidogo, nitie magurudumu mazuri au nipandishe daraja la gia? Mimi nasimama upande wa magurudumu, na ndani ya magurudumu naanza na tairi. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana naumia nikiona mtu anamaliza akiba yake kwenye kitu kisichomsaidia barabarani. Halafu nanyi mlete yenu.

Nikisema gia nakusudia seti nzima: mikono ya kubadilishia, kibadilishaji cha mbele na cha nyuma, krenki (meno ya mbele na mikono ya pedali), kaseti (rundo la meno ya nyuma), cheni na breki. Kwenye mtumba tunakutana zaidi na gia za kampuni ya Shimano, na madaraja yake ya barabarani yanajulikana: Claris ina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, ile iitwayo 105 ilikuwa 11 na matoleo mapya yana 12, juu yake Ultegra, kisha Dura-Ace. Ukipanda daraja, gia zinakaribiana zaidi, vyuma vinakuwa vyepesi, mkono unabofya kwa ulaini. Ni raha, sikatai. Lakini kasi haipandi. Claris iliyo safi, yenye waya mpya na cheni nzima, inafikisha nguvu za miguu yako kwenye gurudumu karibu sawasawa na Dura-Ace.

Sasa tazameni tairi. Mtu wa kilo 75 juu ya baskeli ya kilo 9, akienda kilomita 30 kwa saa kwenye lami, tairi mbili ngumu za bei ya chini zinamla wati 40 hivi kwa kule kubonyea na kurudi tu. Tairi laini za mbio, kama Continental Grand Prix 5000, zinamla karibu nusu yake. Wati 20 si kitu kidogo kwa mtu anayetoa wati 150 mpaka 180. Hakuna krenki wala kibadilishaji cha gia kitakachokurudishia kiasi hicho, hata ukinunua cha bei gani.

Uzito nao unatukuzwa kupita kiasi. Magurudumu yanayokuja na resi ya bei ya chini yana kilo 2 hivi, mazuri ya alumini yana kilo 1 na nusu. Haya, umepunguza nusu kilo. Kuipandisha nusu kilo mita 100 kwenda juu kunahitaji jouli 490. Mpandaji anayetoa wati 200 anazimaliza kwa sekunde 2 na nusu. Na hapa Unguja mita 100 za kupanda utazitafuta: Masingini, ndiyo juu yetu kabisa, ina mita 120 hivi kutoka usawa wa bahari. Wale wa Tour de France wanapanda milima ya zaidi ya mita 2,000, kule sekunde zinajumlishana mpaka zinakuwa dakika. Sisi adui yetu ni upepo.

Mtasema uzito wa gurudumu ni tofauti kwa sababu unazunguka. Ni kweli, gramu iliyoko pembeni kwenye ringi inahesabika mara 2, lakini wakati wa kuongeza mwendo tu. Ukishashika mwendo, inarudi kuwa gramu kama gramu nyingine. Kutoka kusimama mpaka kilomita 30 kwa saa, hiyo nusu kilo kwenye ringi inataka jouli 35 hivi. Wewe na baskeli yako mnataka 2,900.

Basi kwa nini nasema magurudumu, kama uzito si hoja? Sababu zangu ni 3.

Ya kwanza ni tairi, nimeshaisema. Ringi pana ya kisasa inaipa tairi ya milimita 28 umbo zuri, unatia upepo wa psi (kipimo cha pampu) 75 au 80 badala ya 110, baskeli inatulia kwenye lami yenye viraka, na pancha za tyubu kubanwa na ringi zinapungua.

Ya pili ni chumvi. Mtu anayepita Fumba, Jambiani, Bwejuu au Matemwe anajua mambo yake. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, isiyozibwa vizuri inaingia unyevu wa chumvi na mchanga ule mweupe, gololi zinakwaruzika, na mwaka haujesha unasikia gurudumu linasaga. Habu nzuri ndiyo inayobeba baskeli yote. Kibadilishaji cha nyuma kikichoka, utakwenda nyumbani na gia moja. Habu ikikamata au spoku zikianza kukatika, utaisukuma.

Ya tatu ndiyo watu hawaijui. Kaseti ya kawaida ya Shimano ya gia 11 haiingii kwenye habu iliyotengenezwa kwa 8, 9 au 10, kwa sababu ule mwili wa kushikia kaseti ni mfupi kwa milimita 1.85. Ukinunua seti ya 105 ya gia 11 uifunge kwenye baskeli iliyokuwa Sora, utafika kwa fundi uambiwe gurudumu halikubali, na pesa zimekwisha. Ukianza na gurudumu la 11, kaseti yako ya 8 au 9 inakaa kwa kutiwa nyuma yake pete ya milimita 1.85 tu, na kwa kaseti nyingi za 10 unaongeza pete nyingine ya milimita 1. Siku ukipata pesa za gia, gurudumu lipo tayari.

Hayo ndiyo yangu. Karibuni.

Mdau, Kiembesamaki

Ami, shukran sana. Mimi nina fremu ya alumini, gia Sora, breki za raba, magurudumu ni yale iliyokuja nayo. Nina laki nane nimeziweka. Nimeona mtandaoni mtu anauza magurudumu ya kaboni yaliyotumika, kina cha ringi milimita 50, yanapendeza wallahi. Ninavyosikia ringi nene hukata upepo. Na wewe mwenyewe unasema adui wetu ni upepo. Si ndiyo dawa yenyewe hiyo?

Mwanzisha uzi, Unguja

Mwanangu, hoja yako ina msingi. Ringi ya kina kirefu inapita kwenye upepo vizuri kuliko ringi ya boksi, ile fupi ya kawaida, hilo limepimwa sana. Ila pima na ukubwa wake. Katika upinzani wote wa upepo, sehemu kubwa, kiasi cha robo tatu, ni mwili wako: kifua, mabega, kichwa. Magurudumu ni fungu dogo. Kwa mwendo wetu wa kilomita 28 au 30 kwa saa utaokoa wati chache. Ukishika usukani chini na kukunja viwiko ukiwa unaelekea Paje wakati wa kusi, utaokoa zaidi ya hapo na hujatoa hata shilingi.

Halafu upepo wenyewe haukupigi usoni tu. Kusi linatoka kusini na kusini mashariki. Unapotoka mjini kwenda Tunguu na Jozani linakujia mbele kwa pembeni, ukifika Paje ukakata kulia kwenda Jambiani na Makunduchi linakupiga usoni au ubavuni kwa upande wa bahari. Watu wanatoka Ulaya kuja Paje kurusha tiara za baharini kwa sababu ya upepo huohuo. Sasa kamata usukani wenye ringi ya milimita 50 mbele, wewe ni mwembamba, halafu daladala ikupite inakuja kasi: upepo unakatika ghafla ukiwa ubavuni mwake, kisha unarudi kwa nguvu ikishapita. Gurudumu la mbele linavutwa. Nimekuwa nyuma ya mtu mwenye ringi kama hizo pale njia ya Bwejuu, nikamwona anayumba mpaka katikati ya barabara. Sikupenda nilichokiona.

Na la mwisho, breki zako ni za raba. Kaboni ikilowa, raba inateleza kwanza ndipo ishike, na kaboni inataka raba zake maalumu. Masika yetu unayajua, mvua inakuja haina hodi. Kaboni iliyotumika pia inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, na muuzaji wa mtandaoni hutamwona tena.

Kwa laki nane mimi ningekutafutia alumini, kina milimita 25 mpaka 30, upana wa ndani 17 au 19, spoku 28 au 32 za chuma kisichoshika kutu, na vile vinati vya spoku viwe vya shaba ya njano. Vya alumini ni vyepesi, lakini kwa chumvi ya huku vinaota unga mweupe, vinaganda, na siku fundi akitaka kunyoosha ringi vinavunjika kichwa mkononi mwake. Pesa zitakazobaki, tairi mbili nzuri.

Mdau, Wete

Ndugu yangu wa Unguja, umeandika vizuri, lakini umeandika Unguja tupu. Jina la uzi lina Pemba ndani yake, basi na Pemba isikilizwe.

Sisi huku hatuna hizo tambarare za Tunguu. Njia ya Wete kwenda Chake, ile ya zamani, ni kushuka bonde kupanda kilima, kushuka bonde kupanda kilima, tangu unaanza mpaka unamaliza. Vilima si virefu, ila ni vikali na haviishi. Ukienda Mkoani ni hivyohivyo. Konde na Ngezi kidogo unapumua. Mimi nilinunua resi ya mtumba yenye krenki ya meno 53 na 39 mbele na kaseti ya meno 12 mpaka 25 nyuma. Hizo ni gia za mtu wa mashindano wa Ulaya, magoti yalikuwa yanalia. Ningeiweka kwenye magurudumu ya dunia nzima, bado nisingefika Chake bila kushuka nikasukuma.

Nilibadilisha krenki nikatia ya 50 na 34, nyuma nikatia kaseti ya 11 mpaka 32. Maisha yakabadilika. Kwa hiyo kwa Mpemba jibu ni gia kwanza. Magurudumu yatakuja.

Mwanzisha uzi, Unguja

Ndugu yangu wa Wete, nakubali, na nashukuru umeleta hilo. Naweka na hesabu ili vijana waone kwa nini uko sahihi.

Gurudumu la resi likizunguka mara moja linakwenda mita 2.1. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 3.3 hivi. Kwa 34 na 32, mita 2.2. Ukipiga pedali mara 70 kwa dakika, ile gia ya zamani inakulazimisha uende karibu kilomita 14 kwa saa kwenye kilima kikali, na kama huna nguvu hizo pedali zinakwama. Hiyo mpya inakuruhusu upande kwa kilomita 9 na kitu, miguu inazunguka, moyo haupasuki. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wati zote za tairi.

Lakini angalia ulichonunua. Kaseti na krenki, na krenki nina hakika ilikuwa ya mtumba. Hukupanda kutoka Sora kwenda Ultegra. Umebadilisha uwiano wa meno, ukaacha jina la daraja palepale. Hapo ndipo tunakutana mimi na wewe: kwa Pemba, meno kwanza, halafu tairi, halafu magurudumu. Daraja la juu la gia bado linabaki mwisho wa foleni.

Anayetaka kufanya kama yeye aangalie kitu kimoja kabla hajanunua kaseti ya 32. Kibadilishaji cha nyuma kina mkono mfupi au mrefu, ule unaoning'inia na kushika cheni. Cha mkono mfupi, hasa cha miaka ya nyuma, mara nyingi kinaishia meno 28, vingine 30. Ukilazimisha 32, gurudumu dogo la juu linasaga kwenye meno, na ukiweka cheni fupi kisha ukaingia gia kubwa mbele na nyuma kwa pamoja, kinaweza kung'oka kikavunja na fremu. Matoleo ya karibuni ya Claris na Sora yenye mkono mrefu yanakubali 32 bila shida.

Mdau, Wete

Krenki ya mtumba, ndiyo, umejuaje. Basi tumeelewana. Ila ongeza na raba za breki, maana ukipanda huku lazima ushuke, na bondeni mara nyingi kuna ng'ombe kafungwa pembeni na kamba yake imevuka barabara.

Fundi, mjini

Salaam wote. Mimi ni fundi, nawasoma tangu jana. Naomba niseme ninayoyaona mezani kwangu, maana nyie mnazungumza mambo ya kununua na mimi napokea yaliyokwisha kununuliwa.

Tairi namba 28. Huu ni msiba. Phoenix zetu na zile za Kihindi za mzigo zinatumia 28 kwa 1½, ambayo kipimo chake cha ringi ni 635. Resi ya kisasa ni 700C, kipimo chake 622. Madukani zote mbili wanaziita ishirini na nane. Kijana anaambiwa hii ni 28, anachukua, anakuja kwangu tairi inapwaya kwenye ringi kwa milimita 13. Tena zipo resi za zamani za Kiingereza zinazotumia 27 kwa 1¼, hiyo ni 630, nayo haiingiliani na nyingine yoyote. Msisome namba kubwa. Soma ubavuni mwa tairi, pameandikwa kwa herufi ndogo kama 28-622. Hiyo ya pili ndiyo ringi. Kama haiendani na yako, rudisha dukani hapohapo kabla hujaipaka vumbi.

Magurudumu vilevile. Kabla hujalipia, pima fremu yako. Resi ya breki za raba, nafasi ya nyuma ndani ya fremu ni milimita 130, mbele 100. Resi za diski za mwanzo zenye ekseli nyembamba ya kufungua kwa mkono ni 135 nyuma. Za diski za sasa zenye ekseli nene ya milimita 12 ni 142 nyuma na 100 mbele. Mtu ananiletea gurudumu la 142 nimtilie kwenye 130, nifanye nini mimi? Na gurudumu la diski halina ukuta wa kushikia raba. Watu wanalisahau hilo.

Kuhusu gia. Nusu ya watu wanaoniambia gia zangu mbovu nataka seti mpya, gia zao si mbovu. Ni waya. Waya unaingia kutu ndani ya ile bomba yake, hasa pale karibu na kibadilishaji cha nyuma ambapo bomba linapinda na maji yanakaa. Ukibofya unakuwa mzito, ukiachia haurudi, gia zinaruka. Natia waya mpya usioshika kutu na bomba jipya, mtu anadhani nimembadilishia kila kitu. Anzeni hapo kabla ya kusema Sora haifai.

Na cheni pimeni. Chukua rula ya chuma, hesabu pingili 12 nzima (ya nje na ya ndani pamoja ni moja) kutoka pini mpaka pini. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306 na nusu, badilisha. Ikipita 308 umechelewa, kaseti imeshaliwa, ukitia cheni mpya itaruka juu ya meno. Cheni ni bei ya chakula cha siku chache, kaseti si hivyo.

Magurudumu ya kufungwa kwa mkono ndiyo ninayoyapenda. Habu nzuri, ringi nzuri, spoku 32, nafunga mwenyewe, nayasikiliza. Spoku za upande mmoja ukizipiga kwa ukucha zinatakiwa zitoe sauti zinazokaribiana. Gurudumu la kiwandani la bei ya chini, moja inalia kama gitaa, ya pili imelegea haina sauti. Hiyo iliyolegea ndiyo itakayokatika, inakatika pale kwenye kiwiko karibu na habu, kwa sababu kila mzunguko inakazwa na kulegezwa. Ikikatika moja, jirani zake zinabeba mzigo wake, na muda si mrefu ya pili inafuata. Mara nyingi gurudumu kama hilo halihitaji kutupwa. Lilete likiwa bado zima, likazwe sawasawa, litaishi miaka.

Mdau, Kiembesamaki

Fundi, kwa hiyo haya niliyonayo yanaweza kufaa? Yana spoku 24 nyuma. Mimi nina kilo 68.

Fundi, mjini

Kwa kilo 68 spoku 24 zinakubeba. Lete niyasikie. Ila ukiwa unafunga mzigo nyuma, hapana.

Dada, Fuoni

Samahanini jamani, mimi si mtu wa mbio. Nina resi niliyoachiwa na kaka yangu, naendea chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, nikiwa na mkoba mgongoni. Ni ya gia 8, nyepesi kuliko ile ya zamani, naipenda. Tatizo langu ni breki. Nikiziminya kwa nguvu zangu zote, bado inakwenda. Na mikono yangu midogo, vile vishikio naviona viko mbali na vidole. Nikisoma humu naona kila mtu anazungumzia kasi. Kwangu mimi lipi kwanza?

Mwanzisha uzi, Unguja

Dada yangu, kwako breki kwanza, kabla ya yote niliyoandika juu. Usiipande tena njia ya Tunguu mpaka zimeshika, tafadhali. Ile njia ina magari ya kwenda mashamba na ya watalii, wote wana haraka.

Fanya hivi. Zitazame raba: zina mifereji midogo juu yake, ikiwa imefutika au raba imekuwa ngumu inang'aa, badilisha. Bei yake ni ndogo kuliko kitu chochote tulichokitaja humu. Kisha futa ukuta wa ringi kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta ya cheni yakigusa pale, breki hazishiki hata ziwe mpya. Pitisha ukucha kwenye ukuta huohuo: ringi nyingi zina kijishimo au mfereji mwembamba wa kuonyesha kiasi kilicholiwa. Ukiwa haupo tena na ukuta umeingia ndani umekuwa kama bakuli, ringi imekwisha. Mchanga unaokamatwa na raba ndio unaoila. Ringi ikifika hapo inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi, na hapo magurudumu yanakuwa ya lazima.

Kuhusu vidole, vishikio vingi vya resi vina sehemu ya kuvisogeza karibu, skrubu ndogo au kipande cha kuchomeka ndani. Mwambie fundi avilete karibu na vidole vyako, kisha akaze waya upya. Ukimaliza hayo, tia tairi za milimita 28 kama fremu na breki zinaruhusu, maana breki nyingi za raba za zamani zinaishia 25. Gia zako 8 zinatosha kabisa kwa safari hiyo, cheni na kaseti zake ni za bei nafuu, na zinavumilia uchafu kuliko za 11 na 12.

Dada, Fuoni

Ahsante sana kaka. Nimeitazama sasa hivi, raba zimeng'aa kama kioo. Kesho nazibadilisha.

Mdau, Bububu

Mie nina neno dogo. Nilinunua seti ya gia 12 ya umeme, nikaletewa na jamaa kutoka nje. Ni kitu kizuri, sitasema uongo, gia zinaingia hata ukiwa umesimama unakanyaga kwa nguvu. Lakini cheni yake na kaseti yake huzipati Darajani, huzipati Kariakoo kirahisi, nikiharibu kitu nasubiri msafiri. Ikiwa mtu atanunua gia, anunue daraja ambalo spea zake ziko dukani hapa. Za 8 na 9 zipo. Za 11 unazitafuta.

Mwanzisha uzi, Unguja

Umesema jambo ambalo ningeliweka juu kabisa kama ningelikumbuka mapema. Spea. Spoku, tyubu na gololi zinapatikana Mwanakwerekwe na Darajani wiki yoyote. Ndiyo maana mimi napenda habu zenye gololi za kawaida zinazofunguliwa kwa spana mbili. Unaifungua, unaosha kwa mafuta ya taa, unatazama kikombe kama kina vidoti, unatia gololi mpya na grisi ya baharini, unafunga. Zile za beringi za kuchomeka zimezibwa vizuri zaidi dhidi ya chumvi, lakini uhakikishe namba ya beringi ni ya kawaida ambayo hata duka la spea za pikipiki wanayo. Imeandikwa ubavuni mwake. Isome kabla ya kununua gurudumu.

Na mkitoka pwani, baskeli ioshwe kwa maji baridi ya mfereji siku hiyohiyo, kwa ndoo na kitambaa, msipige maji ya presha kwenye habu. Ifutwe, cheni ipakwe mafuta, ilale ndani. Kwa huku hilo linaongeza umri wa kila kitu, cha bei ndogo na cha bei kubwa.

Mdau, Kiembesamaki

Ami, nimeamua. Kaboni nimeiacha. Haya niliyonayo nitampelekea fundi ayasikilize kwanza. Kama yanafaa, nanunua tairi za 28, waya mpya, cheni na raba, na zitakazobaki naziweka mpaka nipate habu nzuri nifungiwe magurudumu ya mkono. Suali langu la mwisho: fremu yangu nitajuaje inakubali 28?

Mwanzisha uzi, Unguja

Tia tairi uliyonayo, tia upepo kamili, kisha pima nafasi kati ya tairi na breki kwa juu, na kati ya tairi na fremu kwa pembeni karibu na pale krenki ilipo. Ubakishe angalau milimita 4 kila upande baada ya kuhesabu unene utakaoongezeka. Kokoto ndogo ikinasa pale na nafasi ni finyu, inachana fremu. Kwa breki za raba, mara nyingi juu ndiko kunakobana. Na kumbuka tairi ya 28 kwenye ringi pana inaweza kufika 29 au 30 halisi.

Fundi, mjini

Njoo nayo Jumamosi asubuhi, kabla ya adhuhuri maana mchana nafunga. Lete na tairi usizifungue kwenye karatasi yake, tukiona hazipiti unazirudisha dukani. Pete ya 1.85 ninayo, siku ukipata magurudumu ya 11 usinunue.